Lubumbashi: shaba inapimwa mara tatu, matokeo ya maji ya kunywa yako wapi?

LUBUMBASHI, HAUT-KATANGA – Katika mji huu madini hayatoki bila kupimwa. Lori la shaba au la kobalti halivuki mpaka wa Kasumbalesa bila karatasi ya maabara inayosema kuna asilimia ngapi ya madini ndani ya mzigo. OCC inapima. CEEC inapima. Kampani yenyewe inapima, na mnunuzi anapima tena kule anakopokea, kwa sababu tofauti ndogo ya asilimia ni dola nyingi. Wakikosa kupatana juu ya namba, wanapeleka sampuli kwa maabara nyingine isiyo ya upande wowote.

Sasa mkaaji wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi ao wa Kampemba afungue robine yake asubuhi na kujaza bidoni ya lita 20. Maji yale yalipimwa lini? Yalipimwa kwenye mtambo ao kwenye mtaa wake? Klorini iliyobaki ndani ni kiasi gani? Kulipatikana vijidudu? Kulipatikana risasi, kadmiumu, uraniumu? Hana wa kumjibu. Faktire ya Regideso inamwonyesha namba ya mita, meta kibu alizotumia na franga anazopaswa kulipa. Juu ya hali ya maji aliyouziwa haisemi neno.

Mzungu wa London anayenunua shaba ya Katanga anajua vizuri kilicho ndani ya mzigo wake. Mama wa Katuba anayelipa maji hajui kilicho ndani ya kikombe cha mtoto wake. Jambo hilo halipaswi kuonekana la kawaida. Regideso, serikali ya jimbo na wizara ya afya wanapaswa kutangaza matokeo ya maabara, mtaa kwa mtaa, kila mwezi, hata yakiwa mabaya.

Regideso inajua kupima

Haki isemwe kwanza. Regideso iko tangu 1939. Ina wakemia, ina maabara, na kazi ya kutia klorini kwenye maji kabla ya kuyasukuma mjini inafanywa kila siku na watu wanaoijua kazi yao. Wafanyakazi hao hawalaumiwi hapa. Wengi wao wanafanya kazi na vifaa vichache, na umeme unakatika saa yoyote. Kinacholaumiwa ni desturi ya kampani ya serikali kuweka matokeo ndani ya ofisi kana kwamba ni siri ya jeshi.

Kupima maji si uchawi. Kipimo cha kwanza, cha klorini, kinafanyika palepale kwenye robine. Unatia kidonge ndani ya chupa ndogo ya maji. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo, na ukali wa rangi unaonyesha kiasi. Kinachukua dakika chache. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linataka maji yafike kwa mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0,2 za klorini kwa lita, ili kama uchafu umeingia njiani dawa iwe bado na nguvu ya kuua vijidudu.

Kipimo cha pili ni cha vijidudu. Maji yanachukuliwa ndani ya chupa safi iliyopikwa kwa joto, yenye dawa kidogo ya kusimamisha kazi ya klorini, yanawekwa mahali pa baridi na kupelekwa maabara mbio. Kule yanachujwa, kichujio kinalazwa ndani ya joto la karibu digri 44, na kesho yake vijidudu vinahesabiwa. Kanuni ni rahisi: ndani ya mililita 100 za maji ya kunywa hakupaswi kuonekana hata E. coli mmoja. Akionekana, maana yake uchafu wa choo umefika kwenye maji.

Kipimo cha tatu ni cha madini. Hiki ndicho kinahitaji mashine kubwa na mafundi waliosoma. Lakini katika mji wa Lubumbashi, mashine za kupima madini ndizo zinazopaswa kuwa za mwisho kukosekana.

Kupima kwenye mtambo hakutoshi

Wakubwa wakiulizwa, jibu la kwanza ni kwamba maji yanatoka Kimilolo yakiwa mazuri. Huenda ni kweli. Ila hakuna mtu anayekunywa maji pale Kimilolo. Watu wanakunywa mwisho wa bomba, na kati ya mtambo na robine kuna kilometa za mabomba, mengine ya zamani, mengine yamepasuka, mengine yanapita kando ya mitaro ya maji machafu.

Umeme wa SNEL ukikatika, pampu zinasimama. Pampu zikisimama, presio ndani ya mabomba inashuka. Bomba lenye presio linavuja kwenda inje. Bomba lisilo na presio linavuta kuingia ndani. Maji ya mtaro na ya choo kilicho karibu yanapenya kwenye ufa uleule. Umeme ukirudi, maji ya kwanza yanayofika kwenye robine ndiyo yaliyobeba vyote hivyo. Mama anayeamka saa tisa za usiku kupanga foleni ya bidoni ndiye anayapata hayo ya kwanza.

Kwa hiyo namba ya klorini kwenye mtambo haimwambii mtu wa Ruashi ao wa mwisho wa Katuba kitu cha kutosha. Lazima kupima mtaani, na kupima mara nyingi. OMS imeandika hesabu yake: kwa mji wa mabomba wenye watu zaidi ya 500 000, sampuli 12 kwa mwaka kwa kila watu 50 000, na juu yake sampuli 600 zaidi. Hesabu ya mwisho ya raia wote wa Congo ilifanywa 1984, kwa hiyo kila namba ya watu wa Lubumbashi ni makadirio. Wengi wanasema mji umepita milioni 2. Mtu akihesabu nusu tu, watu milioni 1 wanaokunywa maji ya bomba, anafika kwenye sampuli 840 kwa mwaka. Hizo ni sampuli 16 kila juma, za kuchukuliwa kwenye robine za watu, katika komuni zote.

Swali kwa Regideso ni fupi: juma lililopita, zile 16 zilichukuliwa wapi, na zilitoa nini?

Na wale wa foraji na kisima?

Wakaaji wengi wa mji hawana robine kabisa. Mji umepanuka upande wa Annexe kuliko mabomba, na kila mtaa mpya una foraji za watu binafsi, za makanisa, za miradi, na visima vilivyochimbwa kwa mikono hatua chache kutoka chooni. Mwenye foraji anauza bidoni. Hakuna anayemwuliza mara ya mwisho aliyapima lini. Mara nyingi foraji inapimwa siku ya kuzinduliwa, mbele ya kamera na wakubwa, na baada ya hapo habari imekwisha.

Regideso inaweza kusema kwamba foraji hizo si zake. Ni kweli. Lakini kwa mtoto anayeharisha, mwenye foraji ni nani haileti tofauti. Kipindupindu kiliupiga mji huu 2008 na kikarudi 2013, nacho hakiulizi kama maji ni ya bomba ao ya kisima. Masika yanaanza mwezi wa 11 na kuendelea hadi mwezi wa 3 ao wa 4, na kila mwaka maji ya mvua yanapita juu ya vyoo na kuingia visimani. Hapo ndipo zone za afya zinapaswa kuwa mtaani na vidonge vya kupima. Kungoja wagonjwa wafike hospitali ni kuchelewa.

Mji wa madini unapaswa kuogopa madini

Kuna jambo ambalo wakaaji wengi hawajaambiwa waziwazi. Klorini inaua vijidudu, haitoi madini. Kuchemsha maji kunaua vijidudu. Hakutoi madini, tena maji yakipungua kwenye sufuria, madini yanabaki mengi zaidi ndani ya yale machache. Mama anayechemsha maji kwa makala ya bei ghali amefanya kazi yake yote dhidi ya tifoide. Dhidi ya risasi hakufanya kitu, na si kosa lake. Hakuna njia ya kujua bila maabara.

Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na 1911 tanuru za Union Minière zilikuwa zimeanza kuiyeyusha. Zaidi ya miaka 100 ya moshi, vumbi na maji ya viwanda imepita juu ya udongo uleule ambao watu wanachimba visima. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti walioufanya kusini mwa Katanga kwa kupima mkojo wa watu 351. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti na madini mengine mwilini kwa viwango vya juu sana, na watoto ndio walikuwa na hali mbaya zaidi. Njia ni nyingi: vumbi, chakula, mikono, maji. Lakini maji ndiyo njia ambayo ni rahisi kuipima na rahisi kuifunga.

Tena tarehe 4 mwezi wa 11, 2025, maji machafu ya kampani ya CDM, iliyo ya kundi la Kichina Huayou Cobalt, yalitoka kwenye bwawa lake na kuingia katika mitaa ya komuni Annexe. Waziri wa Madini Louis Watum Kabamba alifika, akasimamisha kazi za kampani hiyo kwa miezi 3. Ilikuwa hatua ya haraka na ilipaswa kuchukuliwa. Lakini kufunga mlango wa kampani hakumwambii mkaaji kama kisima chake bado kinafaa. Kwa hilo kunahitajika namba: kisima hiki, tarehe hii, shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki, risasi kiasi hiki. Na namba hizo zinapaswa kubandikwa mahali ambapo mwenye kisima anaweza kuzisoma.

Mwongozo wa OMS unatoa mipaka: shaba isizidi miligramu 2 kwa lita, risasi 0,01, arseniki 0,01, kadmiumu 0,003, uraniumu 0,03. Kwa kobalti, OMS haijaweka mpaka wowote katika mwongozo wake. Mji unaokula kwa kobalti ulipaswa kuwa wa kwanza duniani kupiga kelele juu ya pengo hilo. Kelele hiyo haisikiki, kwa sababu mji usiotangaza vipimo vyake hauna cha kuonyesha.

Sheria iko

Hakuna anayeombwa hisani. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kupata maji ya kunywa inahakikishwa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, ni sheria nzima juu ya maji. Nayo Regideso, tangu amri ya 2009, imegeuzwa kuwa kampani ya biashara. Ni vizuri. Kampani ya biashara inauza kitu, na mnunuzi ana haki ya kujua alichonunua. Mwuzaji wa unga kwenye soko ya Kenya anakuachia uguse unga, unuse, utazame kama kuna wadudu. Mwuzaji wa maji anataka mnunuzi alipe akiwa amefumba macho.

Majirani wamekwisha toka katika giza hilo. Kule Kenya ya Nairobi, WASREB, msimamizi wa kampani za maji, inatoa ripoti kila mwaka inayopanga kampani moja baada ya nyingine, na hali ya maji ya kunywa ni moja ya vipimo vya kuzipanga: klorini iliyobaki na vijidudu. Kampani iliyofanya vibaya inaonekana kwa jina. Tanzania, EWURA inatoa ripoti ya namna hiyo kila mwaka juu ya mamlaka za maji za miji. Hakuna anayesema kwamba maji ya Mombasa ao ya Dar es Salaam hayana shida. Lakini kule mwandishi wa habari, daktari ao mbunge akitaka kubishana, ana namba mkononi. Hapa wanabishana kwa harufu ya javeli.

Visingizio vinne

Kisingizio cha kwanza: mkitangaza, watu wataogopa. Watu wanaogopa tayari. Ndiyo sababu wanaogawana pesa ya chakula na mwuzaji wa maji ya sashe, ambayo nayo hakuna anayejua vizuri yametoka wapi. Dunia imekwisha ona mwisho wa kuficha. Huko Flint, Marekani, mwezi wa 4 wa 2014, wakubwa wa mji walibadilisha chanzo cha maji, wakaendelea kuwaambia wakaaji kwamba hakuna shida hata maji yalipotoka robineni yakiwa na rangi na harufu. Mwaka 2015 wakaaji walichota sampuli wenyewe kwa ajili ya watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, risasi ikaonekana, na daktari wa watoto akaonyesha kwamba iko ndani ya damu ya watoto. Mwezi wa 10 mji ulirudi kwenye chanzo cha zamani. Mabomba yalibadilishwa baadaye kwa gharama kubwa. Imani ya watu haikurudi.

Kisingizio cha pili: hakuna pesa. Kipimo cha klorini ni cha kidonge. Kipimo cha vijidudu kinahitaji maabara ndogo ambayo Regideso inayo. Kuhusu madini, Kodi ya Migodi iliyorekebishwa 2018 inadai kila kampani ya migodi itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu, na asilimia 15 ya redevance iende kwa komuni, sekta na cheferi zilizo na mradi. Pesa hizo zimejenga mapango ya kuingilia masoko, ofisi na viwanja vya mpira. Sehemu ndogo ingelipa vipimo vya maji vya mwaka mzima. Mashine ziko mjini: kwenye OCC, kwenye kampani. Zinazopima shaba ndani ya jiwe, mafundi wake wanajua namna ya kupima shaba ndani ya maji.

Kisingizio cha tatu: raia hataelewa namba. Raia huyohuyo anasoma mita ya umeme, anahesabu franga kwa dola kila asubuhi jinsi bei ilivyoamka, na anajua megabaiti zilizobaki kwenye simu yake. Ataelewa ubao unaosema: Katuba, sampuli 12, nzuri 10, mbaya 2, barabara fulani msinywe bila kutia dawa.

Kisingizio cha nne: kazi hii ni ya wengine. Regideso inasema afya, afya inasema mazingira, mazingira inasema migodi, migodi inasema Kinshasa. Mzunguko huo gavana wa jimbo anaweza kuukata kwa barua moja.

Kinachodaiwa

Madai ni matano, na hakuna lililo zito kuliko nguvu za jimbo lenye migodi mingi namna hii.

1. Regideso Lubumbashi ibandike kila mwezi, kwenye kila ofisi inapopokea malipo na kwenye kila ofisi ya komuni, matokeo ya klorini na ya vijidudu kwa kila mtaa, pamoja na idadi ya sampuli. Mstari mmoja wa matokeo hayo uandikwe kwenye faktire.

2. Kila mara maji yanaporudi baada ya kukatika siku nzima, kipimo cha klorini kifanyike mwisho wa bomba, na redio za mji zitangaze siku hiyohiyo kama watu watie dawa ao wasitie.

3. Zone za afya ziandike foraji zote zinazouza maji, ziwe na namba, na kila moja ipimwe angalau mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika na katikati yake. Foraji isiyo na karatasi isiuze.

4. Madini yapimwe mara mbili kwa mwaka kwenye vyanzo vya Regideso, na kwenye visima na foraji za mitaa iliyo karibu na viwanda, kuanzia Annexe ilikopita maji ya mwezi wa 11, 2025. Sampuli zigawanywe mara mbili: nusu kwa maabara ya serikali, nusu kwa maabara nyingine isiyolipwa na kampani inayohusika. Ndivyo wanavyofanya kwa shaba.

5. Matokeo mabaya yatangazwe ndani ya saa 24, na jina la barabara, na jambo la kufanya.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Siku ya kulipa faktire, kila mmoja aulize dirishani: kipimo cha mtaa wangu cha mwezi huu ni ngapi? Mtu mmoja akiuliza, atajibiwa kwa ukali. Mia moja wakiuliza juma moja, karani atapeleka swali kwa mkubwa wake. Wakuu wa mitaa, makanisa, vyama vya wazazi wa shule na washauri wa komuni wanaweza kuliandika swali hilo kwenye karatasi yenye muhuri na kungoja jibu lenye muhuri.

Matokeo yakiwa mazuri, Regideso ndiyo itakayopata faida, kwa sababu watu watalipa kwa moyo. Yakiwa mabaya, watoto watakunywa maji yaliyotiwa dawa wakati bomba linatengenezwa. Sampuli za juma hili, kama zilichukuliwa, zimekwisha hesabiwa. Karatasi yake iko ndani ya mji huu, mezani mwa mtu. Aitoe.